Supachaja na Tabo Kwenye Injini Moja: Mwongozo kwa Mafundi na Wenye Magari wa Tabora na Kigoma

Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Nchi ni tambarare, miombo kila upande, na mtu aliyekuja kwa treni hawezi kuhisi kwamba amepanda. Injini inahisi. Pwani presha ya hewa ni karibu bar 1.01, hapa kwetu ni bar 0.88, na ukishuka Kigoma mpaka ziwani, mita 773, unakuta bar 0.92. Injini inayovuta hewa kwa nguvu zake yenyewe imeshakosa karibu sehemu moja ya nane ya hewa yake kabla hujakanyaga mafuta.

Ndiyo maana vijana wanakuja gereji kuulizia kusukuma hewa kwa mashine. Zamani walikuwa wanauliza tabo tu, pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa eksozi. Siku hizi wanataka na supachaja, pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini, na wanauliza, "Fundi, haiwezekani tukafunga supachaja na tabo pamoja?" Inawezekana, na viwanda vimeshafanya. Lakini kuna hesabu moja lazima uishike kichwani kabla hujashika spana, kwa sababu injini nyingi ninazozijua zilizoharibika kwa kazi hii ziliharibika kwenye hesabu hiyo.

Watu wengi hujumlisha. Supachaja inasukuma nusu bar, tabo nusu bar, basi jumla bar moja. Sivyo. Pampu mbili za hewa zikifuatana, moja ikimlisha mwenzake, zinazidisha. Tabo ikiongeza hewa mara 1.6, kisha supachaja ikaichukua hiyohiyo na kuiongeza mara 1.5, injini inapokea mara 2.4. Kwa hewa ya Tabora hiyo ni bar 2.1 kamili. (Ninaposema bar kamili, nahesabu presha yote pamoja na ile ya hewa inayotuzunguka. Geji nyingi za dukani huanza sifuri kwenye hewa ya kawaida, kwa hiyo zitakuonyesha 1.2.) Sasa lichukue gari hilohilo, usiguse skrubu hata moja, literemshe Dar es Salaam. Linapata bar 2.4 kamili. Hizo 0.3 za ziada zimetoka kwenye hewa nzito ya pwani, ikazidishwa mara mbili na nusu.

Nimewahi kuletewa gari lililobebwa juu ya lori kutoka Morogoro. Lilityuniwa hapahapa Tabora, yaani petroli na cheche zake zilipangiwa hapa, na lilikimbia vizuri mwezi mzima. Pistoni ya tatu ilitoboka siku ya kwanza lilipoteremka kuelekea pwani. Mabomba yalikuwa safi, welding nzuri, mikanda imenyooka. Aliyelifunga hakuwa mzembe wa mikono, ila alityuni kwa hewa ya Tabora tu.

Joto nalo linafuata mkumbo huo. Hewa ya nyuzi 30 ikikandamizwa mara 1.5 na supachaja ya rota mbili ya aina ya Roots inatoka ikiwa karibu nyuzi 90. Ikikandamizwa mara 2.4 bila kupozwa popote inavuka nyuzi 150. Hewa ya moto inabeba oksijeni kidogo na inaifanya petroli iwake kabla ya wakati wake. Kila hatua iliyo chini imewekwa kwa ajili ya mambo haya mawili, presha inayozidishwa na joto linalokuja nayo.

Kwa nini basi mtu ajitese na zote mbili? Kwa sababu kila moja ina kasoro ambayo mwenzake hana. Supachaja inazungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki (shafti kuu ya injini), kwa hiyo iko tayari tangu unapoondoa gari, ila inakula nguvu ya injini muda wote, na juu kwenye mizunguko mingi inakula nyingi mno. Tabo inazungushwa na moshi wa eksozi ambao ungepotea bure, lakini inachelewa kuamka. Ukizipanga vizuri, supachaja inabeba chini, tabo inapokea juu.

Lancia walifanya hivyo kwenye Delta S4 ya mwaka 1985, gari la rali lenye injini ya sentimita za ujazo 1,759 iliyotoa zaidi ya nguvu farasi 450; Henri Toivonen alishinda nalo rali ya RAC ya Uingereza mwaka huohuo. Nissan wakafuata mwaka 1989 na March Super Turbo, injini ya sentimita za ujazo 930 tu lakini nguvu farasi 110. Volkswagen wakaipeleka kwa watu wa kawaida kwenye Golf GT: injini ya lita 1.4, nguvu farasi 170. Hiyo ya Volkswagen nawaomba muitazame kwa makini, kwa sababu supachaja yake ina klachi ya sumaku. Chini ya mizunguko 2,400 inasaidia kila unapodai nguvu, kati ya hapo na 3,500 inaingia ukikanyaga kwa ghafla, na juu ya 3,500 inakatwa kabisa. Tabo peke yake inamaliza kazi. Huo ndio utaratibu ninaoupendekeza kwa gari la barabarani.

Kuhusu supachaja mbili kwenye injini moja, sitakaa sana. Alfa Romeo 158 na 159 zilizotwaa ubingwa wa Formula One mwaka 1950 na 1951 zilikuwa na supachaja mbili zinazofuatana kwenye injini ya lita 1.5, lakini zilikunywa methanoli, na kwa wingi wa kutisha. Kwenye injini ya V unaweza kuweka moja kila upande. Kwa gari la kwenda Kaliua na kurudi, supachaja mbili ni mizigo miwili kwenye krenki moja. Acha.

Hatua ya kwanza: pima injini uliyonayo. Pima mgandamizo wa kila silinda injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10. Ikipishana zaidi, injini hiyo inahitaji ringi au valvu, na hewa ya ziada itaimaliza tu. Pima presha ya oili ikiwa ya moto. Angalia rejeta kama inapitisha maji vizuri na kama feni inaingia kwa wakati.

Kisha jua uwiano wa mgandamizo wa kiwandani. Injini ya petroli ya 10.5 kwa 1 haikutengenezwa kwa mzigo huu. Toyota walipotengeneza 4A-GZE, ile ya supachaja, walishusha mpaka 8 kwa 1, na matoleo ya baadaye yakawa 8.9. Kuna wanaonijia na Land Cruiser ya 1HZ. Ile dizeli ina mgandamizo unaozidi 22 kwa 1 na chumba cha kuwashia cha pembeni. Tabo moja ndogo tayari inaitia joto la kuogopesha, na kuiwekea pampu mbili ni kutafuta ufa wa silinda hedi.

Hatua ya pili: anza na injini ambayo kiwanda kimeshaifunga moja. Hapa nina msimamo na siubadilishi. Chukua injini yenye supachaja ya kiwandani, uiongezee tabo ndogo. Kazi ngumu kuliko zote ni kutengeneza kibeba supachaja na kunyoosha puli zake. Puli ikipishana na mwenzake milimita mbili tu, mkanda unaanza kujila pembeni, na siku unakatika uko katikati ya pori la Uvinza na magunia ya chumvi. Kwenye 4A-GZE kazi hiyo imeshafanywa kiwandani, na supachaja yake ina klachi ya sumaku tayari. Kuongeza tabo ni kazi ya manifoldi ya eksozi, paipu za oili na mabomba ya hewa, vitu ambavyo fundi mzuri wa kuchomelea anavimudu.

Ujue pia ukubwa wa supachaja yako. SC12 ya Toyota inameza lita 1.2 kwa kila mzunguko wake. Injini ya lita 1.6 inameza lita 0.8 kwa kila mzunguko wa krenki. Puli zikiwa sawa, 1.2 gawa kwa 0.8 ni 1.5, na hiyo ndiyo mara inayozidisha kabla ya kuhesabu uvujaji. Ukiweka puli ndogo kwenye supachaja, uwiano unapanda. Ukiwa unaongeza tabo, usiguse puli hiyo. Nimewasihi watu wengi juu ya jambo hili, na ninaendelea kuwasihi.

Hatua ya tatu: mabomba. Panga hivi: ea klina, tabo, intakula (kipoza hewa iliyokandamizwa), supachaja, intakula ya pili kama nafasi ipo, kisha injini. Lancia waliweka intakula mbili na sababu ni lile joto la hapo juu. Ukiwa na nafasi ya moja tu, iweke mwisho, baada ya pampu zote mbili, na ukubali kusukuma hewa kidogo.

Sasa sikiliza sehemu ambayo watu wanaikosea. Supachaja ya rota inapitisha kiasi kilekile cha hewa kila mzunguko, hata ungefanya nini. Tabo ikiamka vizuri, inataka kupitisha hewa nyingi kuliko rota zinavyoweza kumeza, na hapo supachaja inageuka kizibo kilichokaa katikati ya bomba. Dawa yake ni baipasi: bomba pana linaloizunguka supachaja, lenye valvu inayofunguka tabo inapofikia kazi yake. Supachaja ikifanya kazi, baipasi imefungwa, la sivyo hewa itarudi nyuma na kuzunguka bure ikichemka. Tabo ikishika, baipasi inafunguka na klachi ya sumaku inaachia. Hivi viwili viende pamoja. Klachi ikiachia huku baipasi imefungwa, injini inakosa pumzi mara moja.

Upana wa baipasi usiwe chini ya upana wa bomba kuu. Nimeona wanaotumia kale kapaipu ka kiwandani, ambako kaliwekwa kwa ajili ya hewa ya gari linalotembea taratibu. Hakatoshi.

Kwenye 4A-GZE, throtoli, ule mlango wa hewa unaofunguliwa na pedeli, iko kabla ya supachaja. Maana yake, ukiachia pedeli, tabo inabaki inasukuma hewa kwenye mlango uliofungwa. Weka valvu ya kuachia hewa kati ya tabo na throtoli. Ukipitisha hatua hii, beringi za tabo zitakueleza.

Tumia mipira ya silikoni yenye nyuzi na klipu za bolti. Klipu za rejeta zinaruka kwenye presha hii.

Hatua ya nne: westigeti ilishwe kutoka wapi. Hii ni paipu nyembamba kuliko kidole na ndiyo inayoamua uhai wa injini. Westigeti ndiyo mlango unaoupunguzia tabo moshi presha ikifika kiwango. Ukichomeka kapaipu kake kwenye mdomo wa tabo, westigeti inaona presha ya tabo peke yake, haioni kile supachaja inachokiongeza mbele. Chukua springi ya bar 0.5: hapa Tabora tabo inafikisha bar 1.38 kamili, supachaja inazidisha mara 1.5, injini inapata 2.07. Dar es Salaam hesabu hiyohiyo inatoa 2.27. Chomeka kapaipu hako kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, baada ya kila kitu, na springi ya 0.7: Tabora 1.58, Dar es Salaam 1.71. Pengo limepungua, na muhimu zaidi, sasa kuna kitu kimoja kinachotazama presha ile inayoingia kweli kwenye silinda.

Supachaja peke yake, kwa uwiano wa 1.5, inakupa hapa kwetu bar 0.44 kwenye geji. Springi ikiwa chini ya hapo, westigeti itakuwa wazi muda wote na tabo haitaamka kamwe.

Hatua ya tano: oili. Oili inaingia kwenye tabo kwa presha na inatoka kwa uzito wake tu. Paipu ya kurudishia iwe pana, isipungue kipenyo cha tundu la tabo lenyewe, iteremke moja kwa moja bila kujikunja wala kulala, na iingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Mwanzoni mwa kazi yangu niliua tabo mbili kwenye gari moja. Zilitoa moshi wa bluu, nikadhani nimeuziwa mbovu, nikanunua nyingine, ikatoa moshi uleule. Paipu ya kurudishia ilikuwa imelala kidogo juu ya kibeba injini, oili inajaa inakosa pa kwenda, inapenya sili. Nilinyoosha paipu, moshi ukaisha. Fedha ya mwenye gari ilikuwa imeshakwenda, na nililipa mimi.

Hatua ya sita: vumbi. Kuanzia Juni hadi mvua za kwanza, barabara za vijijini Uyui, Sikonge na Uvinza ni unga. Mapezi ya tabo yanazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Chembe za vumbi kwa kasi hiyo zinayasaga kingo, na rota za supachaja zinapoteza ule mwanya mwembamba unaozifanya zibane hewa. Tumia ea klina kubwa ya karatasi, ndani ya boksi lililofungwa, ikivuta hewa kutoka mbele ya gari au juu, kamwe isivute kutoka nyuma ya rejeta. Zile ea klina za wazi zenye umbo la koni, zinazowekwa peupe ndani ya boneti, sizifungi kwenye gari la mkoa huu. Zinavuta hewa ya moto na zinapitisha unga. Paka grisi nyembamba ndani ya bomba baada ya ea klina, safiri siku moja, kisha pitisha kidole. Ukikuta mchanga, kuna mahali panavuja.

Hatua ya saba: petroli na taimingi, yaani wakati wa kuruka kwa cheche. Injini ya nguvu farasi 200 yenye busti (presha ya hewa ya ziada), ikikanyagwa yote, inakunywa takriban lita 72 za petroli kwa saa. Kwa nozeli nne za kupulizia petroli ni kama sentimita za ujazo 300 kwa dakika kila moja, na nozeli isifanyishwe kazi zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, kwa hiyo tafuta za 380. Pampu nayo ihesabiwe kwenye presha halisi: regyuleta inapandisha presha ya petroli kadiri busti inavyopanda, na pampu inayotoa lita nyingi kwenye bar 3 inatoa chache kwenye bar 4.

Kontroli boksi ya kiwandani, ile kompyuta ya injini, haijui kwamba umeongeza tabo. Funga inayoweza kuandikwa upya, yenye sensa inayosoma presha kamili ya manifoldi, na nyingine inayosoma presha ya hewa ya nje. Bila hiyo ya pili, kila ukitoka Tabora kwenda Kigoma au Dar es Salaam unabahatisha.

Gari likitembea taratibu, mchanganyiko ukae karibu na hewa 14.7 kwa petroli 1. Kwenye busti ushushe mpaka kati ya 11.5 na 12. Taimingi irudishwe nyuma kadiri presha inavyopanda, na uanze ukiwa umeirudisha kuliko unavyodhani inatosha. Injini nyingi za Kijapani za aina hii zilipangwa kwa petroli yao ya oktani ya juu. Tyuni kwa petroli unayoikuta kwenye pampu ya Urambo.

Hatua ya nane: kuwasha na kupanda polepole. Zungusha injini bila plagi mpaka geji ya oili ipande. Washa, iache ingurume dakika kumi, kagua kila klipu na kila paipu ya oili. Wiki ya kwanza fungua baipasi, kata klachi ya supachaja, jaribu tabo peke yake. Wiki ya pili supachaja peke yake, tabo ikiwa imefungwa springi laini. Ukizichanganya siku ya kwanza na kitu kikaharibika, hutajua ni kipi.

Zikishaanza kufanya kazi pamoja, usivuke bar 0.7 kwenye geji kwa petroli ya kawaida na pistoni za kiwandani. Sikiliza mlio kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Ukiusikia mara moja, ondoa mguu, rudi gereji, toa plagi. Vidoa vidogo vyeupe au vya kung'aa kwenye kauri ya plagi ni chembe za pistoni yako zilizoyeyuka. Majaribio ya kukanyaga yafanywe kwenye mashine ya kupimia nguvu au mahali palipofungwa. Barabara ya Nzega ina baiskeli za watu wanaopeleka mkaa mjini.

Wenye dizeli wana nafuu kidogo. Kwenye Fuso na ndugu zake, tabo mbili zinazofuatana, kubwa ikilisha ndogo, ni njia ya kawaida kuliko supachaja, na dizeli haina shida ya kuwaka mapema kama petroli. Adui yake ni joto la eksozi. Funga kipimajoto kabla ya tabo na usiiache ikae juu ya nyuzi 700 kwenye mlima mrefu.

Baada ya hapo ni matunzo. Badilisha oili kila kilomita 3,000. Kagua mkanda wa supachaja kila ukifungua boneti. Ukianza kung'aa kama kioo unateleza. Ukitoka safari ya kasi, iache injini ingurume dakika mbili kabla ya kuzima, oili isije ikaungulia ndani ya beringi za tabo. Na siku unapopanga kwenda pwani, kaa na fundi aliyeandika kontroli boksi, aweke mpangilio wa pili wenye busti ndogo na taimingi iliyorudishwa, ubadilike kwa swichi moja. Ibonyeze Dodoma, usingoje Morogoro.